Jina Linalofika Mashineni

Karakana yetu iliunda baiskeli kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo hakuna jina hata moja lililoandikwa kwenye fremu kabla mimi sijalipigia kelele. Sijisifu. Mtu ambaye kipaji chake ni kelele atajisifia nini? Nasema hivi ili ujue mapema kwamba katika habari hii mkono wangu umo, na anayetaka kunilaumu apange foleni nyuma yangu.

Mambo yalikwenda hivi. Baiskeli ya aina mpya ikishaundwa, jina lake lilijaribiwa kwanza. Mimi ni fundi wa magurudumu; watu wananiita Tarumbeta kwa sababu ya koo langu. Nilikuwa nasimama kwenye geti la karakana. Mwisho wa mtaa, hatua mia mbili na ushei, kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka iliyonguruma tangu asubuhi hadi jioni, na mlangoni mwa mashine hiyo alikuwa anasimama mwendeshaji wake, Vumbi. Niliita jina mara tatu. Vumbi akilisikia juu ya mngurumo ule, aliinua mkono wa kulia, juu kabisa, kiganja wazi, mweupe kwa unga kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kiwiko. Mkono ukiinuka, jina limepita. Usipoinuka, jina linatupwa, hata kama bosi ameliota.

Utaratibu huo uliletwa na mdogo wake Vumbi, mwanamke aliyekuwa mwandishi wetu wa majina kwenye fremu. Sisi tulimwita Brashi. Mfupi, mwembamba, mdomo wa kukatia bati. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, fremu imening'inizwa mbele yake kwa ndoano mbili, akachora herufi kwenye bomba la chini bila rula na bila kutetemeka. Ukipita nyuma yake ukamgusa kiwiko kwa bahati mbaya, alikutukana mpaka babu yako, kisha akaendelea na herufi pale alipoishia.

Mkono ule usiotetemeka uliwahi kuvunjwa vidole viwili. Brashi alikuwa ameolewa na dereva wa lori, bwana wa miraba minne mwenye mkono mwepesi. Alimpiga kwa chai kupoa, alimpiga kwa chai kuunguza. Majirani walisikia, wakaongeza sauti ya redio. Ugomvi wa mke na mume, walisema, shika jembe ukalime. Jumapili moja mchana yule bwana alimbana koo ukutani jikoni, vidole vyote kumi, miguu ya mwanamke ikaacha sakafu. Brashi alitaka kumwita mama mwenye nyumba, aliyekuwa anafua nguo uani, hatua kumi tu. Pumzi ikaishia kwenye "mama mwe". Akabakiwa na kidogo, akakitumia chote kwa neno moja: Kaka. Mara mbili.

Vumbi alikuwa mashineni, upande wa pili wa ukuta wa ua, na neno hilo fupi likamfikia. Alikuja na mkanda wa mashine, ule mpana wa mpira unaozungusha gurudumu. Alimpiga shemeji yake nao mgongoni, kisha usoni, kisha akautupa akatumia mikono. Dereva alivunjika mkono na kupoteza meno mawili, na hakurudi tena mtaa ule hata kufuata viatu vyake. Brashi alitusimulia habari hii huku anakoroga rangi, na alikuwa anacheka. Sisi hatukucheka.

"Nilijifunza siku ile," alisema. "Mtu akikubana koo unabakiwa na pumzi ya neno fupi. Ukiwa na neno refu, umekufa nalo mdomoni."

Hapo ndipo ilipotoka elimu yake yote ya majina ya baiskeli. Bosi alikuwa anaamini jina ni la kumvutia mnunuzi. Brashi alisema huo ni upuuzi. Mnunuzi anapiga tairi teke, anajaribu breki, anakaa kwenye kiti, basi. Jina hana kazi nalo. Atakuja kulihitaji siku moja tu, siku atakapotoka dukani na kukuta nguzo aliyoiegemezea iko peke yake. Siku hiyo atafungua mdomo mbele ya mtaa mzima, na kama jina la baiskeli yake ni refu kama barua ya posa, mwizi ameshavuka daraja. Jina zuri la baiskeli ni la kupigia yowe, alisema, na yowe halina muda.

Bosi hakupenda kufundishwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho, aliyerithi karakana kwa baba yake pamoja na tabia ya baba yake. Begani alivaa tyubu ya baiskeli iliyokunjwa mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa kalamu yake ya kusahihishia makosa yetu. Spoku ikilegea, tyubu. Ukichelewa kurudi kutoka chooni, tyubu. Kila mmoja wetu alikuwa na mistari yake mgongoni. Tulikaa kwa sababu kazi zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi, na kwa sababu mtu huzoea hata kiatu kinachombana. Mimi nina hasira za karibu, mke wangu atakuambia, lakini kwa miaka mingi hasira zangu ziliishia nyumbani kwenye milango.

Mwaka tulioanza kuunda baiskeli ya mizigo, ile yenye fremu nene na keria ya kubeba gunia zima, bosi alikuja na jina tayari kwenye karatasi: Fahari ya Njia Kuu.

Brashi alilisoma, akamrudishia karatasi. "Hili ni jina la hoteli."

"Hili ndilo jina."

"Bosi, mtu ameibiwa. Anakimbia. Anapiga kelele, kamata Fahari ya Njia Kuu. Nani atamsubiri amalize?"

Bosi alichukua kopo la rangi nyekundu lililokuwa karibu naye, akalirusha. Brashi aliinama. Kopo likapasukia ukutani, na doa lile lipo mpaka leo, limeshuka mpaka chini. Brashi akainuka taratibu, akasema, "Basi hebu tulijaribu, bosi. Wewe ndiye mwenye mali."

Tukaenda getini. Nililiita jina la bosi mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeshika goti. Vumbi alisimama kule mlangoni mikono mfukoni. Kisha akaanza kuja, hatua kwa hatua, mtaa mzima, mpaka alipotufikia akauliza kama chakula kimeiva. Hata bosi midomo ilimcheza. Kisha Brashi akaninong'oneza jina lake sikioni, nikajaza kifua, nikaita mara moja tu.

"Radi!"

Mkono wa Vumbi ulipanda kabla sijafunga mdomo. Radi ikawa Radi.

Rangi ilikuwa moja, nyekundu, kwa sababu bosi alipata mapipa mengi ya nyekundu kwa pamoja. Herufi zilikuwa nyeusi zenye kivuli cheupe, kubwa, zilisomeka toka ng'ambo ya barabara. Baada ya mwaka mji mzima ulikuwa unapanda Radi. Wauza mkaa, mafundi seremala, walimu, wahubiri, wote walikalia Radi. Vumbi naye alipata yake. Brashi alimchagulia fremu mwenyewe, akaipaka tabaka tatu badala ya mbili, na mimi nikanyoosha magurudumu mpaka ukiyazungusha huoni kama yanakwenda.

Na jina lilifanya kazi. Lazima niseme ukweli hapa, ingawa unanichoma. Mwaka ule wa kwanza wezi watatu walikamatwa kwa jina la Radi. Mmoja alishikwa karibu na daraja, watu wakamvunja taya kwa tofali, na alipopelekwa kituoni alikuwa anashikilia mdomo wake kwa mikono miwili usidondoke. Habari ikafika karakana. Bosi aliwasimulia wanunuzi kama vile ni sehemu ya baiskeli, pamoja na breki na kengele. Brashi alifurahi. Mimi nilifurahi. Tuliopigwa maisha yetu yote hatukuwa na huruma ya akiba kumpa mwizi.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Vumbi alikuwa amesimamisha mashine kwa sababu chujio lake lilitoboka, akalifunga kwenye keria ya Radi yake na kwenda nalo kwa fundi bati upande wa soko. Alikuwa na unga mwili mzima, kama siku zote. Wakati uleule mama mmoja muuza ndoo aliinama kupanga ndoo zake, na alipoinuka Radi yake haikuwepo. Mama huyo alifanya vilevile Brashi alivyopanga mtu afanye. Hakueleza, hakumwuliza mtu. Alifungua mdomo.

"Radi! Radi nyekundu! Radi!"

Vumbi alikuwa mbele yake kama hatua arobaini, anaendesha polepole katikati ya watu. Alisikia. Kwa miaka ishirini na zaidi, jina likiitwa kwa nguvu namna ile toka mbali, kazi yake ilikuwa moja. Akapiga breki, akaweka mguu chini, akainua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi.

Jiweke kwenye nafasi ya watu wale. Mimi nimejiweka mara nyingi na nikitoka nawachukia vilevile. Mwanamke analia kaibiwa Radi nyekundu, na huyu hapa mtu juu ya Radi nyekundu, amesimama, amenyoosha mkono. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Vumbi aliponzwa na mkono.

Sisi karakana hatukuona mwanzo wake. Tulisikia vishindo na makelele upande wa soko, na mpita njia mmoja akachungulia getini, anacheka. "Wamekamata mwizi wa Radi huko. Anakula kichapo si mchezo."

Brashi alikuwa anamalizia herufi. "Vizuri," alisema. Akachovya brashi, akaendelea.

Neno hilo moja najua linamla mpaka leo, kwa sababu na mimi nilikuwepo nikatikisa kichwa kukubali. Tulifanya kazi kama dakika tano hivi. Akapita mwingine, mwanamke mwenye kapu, akasema na mwenzake kwa sauti ya kawaida tu, "Mijizi mingine haina haya. Limetoka kuiba limejaa unga."

Brashi aliacha brashi ianguke. Alitoka mbio kama alivyo, aproni ya rangi ikimpiga miguuni, nami nyuma yake na spana niliyokuwa nayo mkononi.

Walikuwa duara la watu hamsini, sitini, migongo imebanana. Nilimpiga wa kwanza niliyemkuta kwa spana begani, akageuka kunishangaa, nikampiga wa pili. Kati ya miguu yao nilimwona. Alikuwa amelala kifudifudi, unga na damu vimefanya uji kichwani. Chujio lilikuwa limekanyagwa limebonyea. Mtu mmoja alikuwa amesimama juu ya kiwiko chake cha kulia kwa kiatu kizito, na mwingine, amechuchumaa kabisa kwa utulivu kama mtu anayepasua kuni, alikuwa anaupiga mkono ule kwa pampu ya chuma. Mkono uleule. Alipiga, akaangalia, akapiga tena.

Nikapiga kelele. Nilitumia koo lote nililopewa, siye, mnamuua mtu siye, huyu ni mtu wa mashine. Sauti iliyokuwa inafika mashineni haikuvuka hatua mbili. Kila mtu pale alikuwa na yake. Ngumi ilinipata sikioni, nyingine mdomoni, na nilipofumbua macho nilimwona Brashi anatambaa chini, kati ya viatu, mpaka akamfikia kaka yake akalala juu yake, akamfunika kichwa kwa kifua chake. Wakaendelea. Mtu akasema, "Na huyu ni mwenzake, mpeni." Wakampa. Nilisikia mbavu, na sitaki kueleza zaidi jinsi mbavu zinavyosikika.

Aliyewasimamisha si mimi, wala polisi. Ni muuza ndoo mwenyewe, aliyefika akihema, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, akasukuma watu mpaka mbele, akaangalia baiskeli iliyolala ubavuni.

"Siyo hii," alisema. "Yangu ina kikapu mbele."

Yule wa kiatu akashuka kutoka kwenye kiwiko. Yule wa pampu akainuka, akaipangusa kwenye suruali yake, akaiweka chini kando ya baiskeli taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Watu walianza kukunjua mikono ya mashati. Walikumbuka shughuli zao. Kijana mmoja nadhifu alimwinamia Brashi akasema, "Pole, mama." Huyo nilimpiga nikamwangusha, na bado naona nilimpunja.

Daktari alisema mkono umevunjika sehemu tatu na ngoma ya sikio la kulia imepasuka. Brashi alivunjika mbavu mbili, akakataa kitanda, akakaa kwenye benchi la wodi siku nne. Siku ya tano Vumbi alifumbua jicho lililoweza kufumbuka, akatuona. Alizungumza polepole, meno yakiwa machache.

"Nilisikia vizuri sana," alisema. "Nikajua Tarumbeta anajaribu jina. Nikasema ngoja niinue haraka, nisimchoshe."

Nilitoka nje ya wodi nikapiga ukuta. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, najua, na kweli nilikwenda nyumbani na mkono kwenye bandeji.

Brashi alirudi kazini wiki iliyofuata, amefungwa kifua kwa kitambaa, anapumua kwa vipande. Fremu arobaini za Radi zilikuwa zimeshaandikwa, zimepangwa ukutani. Bosi alitoka ofisini na uso wa furaha. Alisema anampa pole kwa yaliyomkuta kaka yake, kila kitu ni mipango ya Mungu, lakini tusisahau kuwa jina sasa limevuma mji mzima, hakuna asiyelijua, na yeye ameona herufi ziongezwe ukubwa.

Brashi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye meza ya zana, akachukua kikwanguo, akaishika fremu ya kwanza na kuanza kukwangua. Rangi ilianguka kwa maganda. Alimaliza ya kwanza akashika ya pili.

"We mwanamke, acha," bosi alisema.

Tyubu ilimpiga mgongoni, juu ya mbavu. Akatoa sauti ndogo, hakuacha. Tyubu ikampiga tena, safari hii shingoni, na kikwanguo kikateleza kikamkata kidole, akaendelea kukwangua na damu. Mafundi kumi na wawili walikuwa wamesimama wanaangalia. Bosi aliinua mara ya tatu. Mimi nilikuwa na rimu tupu mkononi, ya chuma, bado haijatiwa spoku. Nilimpiga nayo kichwani, kwa mikono miwili, kutoka juu. Alianguka juu ya rundo la mudgadi, vile vikinga tope vya magurudumu, na rundo lote likamwangukia. Alipojaribu kuinuka nilimpiga ya pili kwa ajili ya mgongo wangu mwenyewe. Ningempiga ya tatu kwa ajili ya migongo mingine, lakini wenzangu walinishika.

Alishonwa nyuzi sita. Nilijua nimefukuzwa, na nilijua polisi watakuja, hata nguo za kulalia rumande nilishafungasha. Asubuhi yake nilikwenda tu kuchukua spana zangu.

Getini kulikuwa na foleni. Watu na baiskeli zao, zote nyekundu, zote Radi. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee mpole, ambaye hata sindano ikimchoma anaiomba radhi.

"Mwanangu," aliniambia, "naomba mniondolee hili jina. Juzi nilifunga breki pale sokoni, watu watatu wakageuka kuniangalia mikono. Nilikokota baiskeli mpaka nyumbani."

Nyuma yake muuza mkaa akasema yeye analifunika kwa kitambaa. Mwalimu akasema ametembea kwa miguu wiki nzima. Kufika saa tano walikuwa thelathini na kitu, mstari umekunja kona. Bosi alisimama dirishani mwa ofisi yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, akawaangalia kwa muda mrefu. Mwishowe alimtuma mtu alete boksi zima la msasa. Kwangu hakusema lolote, wala polisi hakuwaita. Tyubu ilibaki imening'inia kwenye msumari ofisini, na simwoni akiigusa.

Nilipiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi. Fremu ikishakuwa safi inakwenda kwa Brashi, na Brashi hakumwuliza mtu anataka jina gani kwa sauti. Alimwita mwenye baiskeli ainame, asogeze mdomo kwenye sikio lake. Mtu akanong'ona. Brashi akachukua brashi nyembamba kuliko zote na kuandika jina hilo chini ya kiti, nyuma ya bomba, herufi ndogo kama za kwenye dawa. Nilisoma baadhi wakati zinakauka. Muuza mkaa aliandikisha jina la marehemu mama yake. Mwalimu: Usiniazime. Fundi cherehani alifikiri sana, akasema yake iitwe Kijana Wangu, kwa sababu wa kuzaa hakujaliwa. Mmoja alisimama robo saa na kusema hana jina lolote, na Brashi akamwachia nafasi tupu akasema litakuja lenyewe.

"Kwa hiyo sasa jina zuri ni lipi?" nilimwuliza. Nilikuwa namchokoza kidogo, nimwone akirudi kuwa yule wa mdomo wa bati.

"La kuchutamia," alisema. "Mtu akitaka kujua baiskeli ni ya nani, asogee mpaka aone uso wa mwenyewe."

Vumbi alirudi baada ya miezi miwili. Mashine ilikuwa na mtu mwingine, naye mkono wake usingeweza tena gunia, basi akawa anakuja karakana, anakaa kwenye benchi la getini, anatuchambulia pingili za mnyororo na spoku zilizopinda. Mtaa una kelele zake. Mtu anamwita mwanawe, mwingine anatangaza mikate. Kila sauti ikipanda, bega la kulia la Vumbi lilishtuka, mkono ukataka kwenda juu, na mkono wa kushoto ukaurukia ukaukamata kifundo, ukaukandamiza kwenye paja mpaka sauti ipite. Hakuonyesha kama anajua anafanya hivyo. Nilipoona mara ya kwanza niliacha kupiga kelele. Sasa naongea kama mgonjwa, na mke wangu anasema nyumba imekuwa msikiti.

Radi yake ilikuwa ya mwisho. Niliijenga upya, rimu mbili mpya, spoku sabini na mbili, cheni, pedeli. Nilipiga msasa mwenyewe, sikumwachia mtu. Brashi alikaa kwenye benchi upande wa sikio zima, la kushoto, brashi nyembamba mkononi, akamwuliza aandike nini. Vumbi alitazama chini. Brashi akaanza kumtajia majina kwa kunong'ona, moja moja, kama anayemlisha. Tulivu. Pumziko. Unga Mweupe. Jina la baba yao. Jina la mtaa waliokulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia kwa nguvu, na hakuna uliotikisika. Nilihesabu majina kumi na moja.

Brashi akamsogelea zaidi, mdomo ukagusa sikio, na sikusikia alichosema, nilisoma tu midomo yake.

"Kaka."

Vidole vya kushoto viliachia. Mkono wa kulia uliondoka pajani, umepinda pale ulipounga vibaya, ukapanda polepole mpaka usawa wa bega, kwani hauwezi kupita hapo. Kiganja kilikuwa wazi. Brashi alilia, bila kujificha, akachutama nyuma ya baiskeli na kuandika herufi nne chini ya kiti. Vumbi hakuushusha mkono mpaka rangi ilipokauka.